Maswali ya wasomaji: Binti wa kikapu chuoni, goti lake, sahani yake na daftari lake

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Nyegezi hadi Musoma, na zinahusu timu za kikapu za wasichana vyuoni. Tumechagua sita. Ya goti tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo jeraha linalomweka binti nje kwa muda mrefu kuliko mengine, na sehemu kubwa ya kinga yake imo mikononi mwa kocha.

Msimu huu nimepoteza wachezaji wawili kwa goti, na hakuna aliyeguswa. Mmoja alikuwa anatua na ribaundi (mpira uliokosa ringi ukarudi), mwingine alikuwa anakata kona kumkwepa mlinzi. Tunachezea uwanja wa saruji. Tatizo ni uwanja, ni viatu, au ni bahati mbaya tu? (Kocha, Nyegezi)

Mwalimu, pole sana, na uwafikishie pole zetu mabinti hao. Ulivyoeleza ndivyo hasa unavyokatika ukano wa ndani ya goti, ule unaouzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Mara nyingi hukatika bila kugongana na mtu. Mchezaji anatua kwa mguu mmoja, anasimama ghafla au anageuka, goti likiwa limekaribia kunyooka, kisha linaangukia ndani kuelekea goti la pili. Kwa wasichana hutokea mara kadhaa zaidi kuliko kwa wavulana wa mchezo huohuo. Upana wa nyonga na homoni vimetajwa, lakini hivyo kocha hana la kuvifanya. Anachoweza kubadilisha ni nguvu ya misuli ya makalio na ya nyuma ya paja, na jinsi mchezaji anavyotua. Mabinti wengi walifundishwa kurusha wakiwa sekondari. Kutua hawakufundishwa kamwe.

Anza na kipimo. Tafuta benchi au boksi lenye kimo cha sentimita 30. Mchezaji asimame juu yake, ajiangushe bila kuruka, atue kwa miguu yote miwili, na hapohapo aruke juu kadiri awezavyo. Weka simu mbele yake, kama mita tatu, kwa kimo cha magoti, urekodi kwa mwendo wa polepole. Simamisha picha pale anapogusa chini. Goti likikaa juu ya vidole vya mguu, ni sawa. Likipita kidole gumba na kuingia ndani, au mguu mmoja ukitangulia kugusa, au akitua kwa kishindo magoti yakiwa yamenyooka, huyo ana kazi ya kufanya. Mwonyeshe picha yake mwenyewe, faragha. Binti akijiona huelewa haraka kuliko ukimweleza mara kumi.

Kazi yenyewe ni dakika 15 za kupasha mwili kabla ya kila mazoezi, si chini ya mara tatu kwa wiki:

Kukimbia taratibu, kwenda ubavu na kurudi nyuma, dakika tatu. Hatua ndefu za kushuka goti, nane kila mguu, kifua kikiwa wima. Kulala chali na kuinua nyonga, mara 12. Kupiga magoti huku mwenzako ameshika vifundo vya miguu, kisha kujishusha mbele polepole ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Waanze na mara tatu tu, waongeze hadi nane baada ya wiki kadhaa, maana wakianza na nyingi kesho yake hawatembei. Kusimama mguu mmoja sekunde 30 huku mnapasiana mpira. Kuruka juu na kutua ukiganda, mara tano, seti mbili. Kuruka ubavu kwa mguu mmoja na kuganda sekunde tatu, mara tano kila upande. Mwisho, kukimbia na kusimama kwa hatua tatu fupi badala ya moja ndefu, kisha kubadilisha upande.

Maneno ya kurudia ni machache: tua kimya, magoti juu ya vidole, nyonga nyuma. Kishindo kikisikika, rudia.

Mpango huu hufa kwa sababu tatu. Ya kwanza, kocha anamwachia nahodha na kwenda kupanga koni, kwa hiyo mazoezi yanafanyika lakini kasoro ileile ndiyo inayofanyiwa mazoezi. Ya pili, unaanzishwa wiki moja kabla ya mashindano. Mwili unahitaji wiki sita hadi nane. Ya tatu, unatumika kama adhabu, na kitu cha adhabu hakuna anayekifanya vizuri.

Uwanja na viatu navyo vina sehemu yao. Saruji yenye vumbi huteleza, kwa hiyo fagieni kabla ya kuanza, na mvua za vuli na masika zikinyesha msichezee uwanja wenye maji hata kama mechi imepangwa. Kuhusu viatu, wengi wananunua mitumba pale soko la Mlango Mmoja, na hakuna ubaya ukijua kuchagua. Kikunje kiatu: kipindike penye vidole, si katikati ya unyayo. Kibane kisigino kwa vidole viwili. Kikibonyea kama kitambaa, kirudishe. Soli iwe bapa na pana, michirizi yake bado inaonekana. Raba za kukimbilia barabarani zenye soli nene iliyopanda nyuma hazifai, maana zinapindua kifundo mtu akienda ubavu.

Siku goti likiumia, swali la kwanza kwa mchezaji ni kama alisikia au kuhisi kitu kimekatika, na la pili ni kama limevimba ndani ya saa mbili. Jibu likiwa ndiyo, asirudi uwanjani hata akisema maumivu yamekwisha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu juu, kisha daktari wa mifupa, Bugando au hospitali nyingine yenye huduma hiyo. Asichuliwe. Na wale wawili wako, wakifanyiwa upasuaji, wasicheze mechi kabla ya miezi tisa kutimia, tena baada ya kupimwa nguvu ya miguu yote miwili. Anayerudi mapema huukata ukano huo tena, au huukata wa mguu wa pili.

Nina wachezaji 14, mipira mitano na nusu ya uwanja, nusu nyingine ni ya wavulana. Tunakutana siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu. Tukibanwa uwanja mzima tunapoteza mpira kabla ya kuvuka katikati. Na nikiwakosoa wananyamaza, hawaombi tena mpira. (Kocha, Ilemela)

Kwanza geuza mipira yako usome namba. Wasichana wanatumia namba 6, yenye mzingo wa sentimita 71.5 hadi 73. Mipira ya kuazima kwa wavulana ni namba 7, mikubwa na mizito zaidi. Binti anayefanya mazoezi na namba 7 kisha kucheza mechi na namba 6 hurusha mbali kupita ringi, na mkono wake hauzoei kushika mpira sawasawa. Bora mipira mitatu ya namba sahihi kuliko mitano ya kuchanganya.

Kukosa uwanja mzima kusikukatishe tamaa. Unachohitaji kufundisha ni kutoka mstari wa mwisho hadi wa katikati ndani ya sekunde 8, na hiyo ndiyo nusu uliyopewa.

Mwingizaji, yaani anayerudisha mpira mchezoni kutoka nyuma ya mstari wa mwisho, asisimame chini ya ringi, kwa sababu ubao unamzibia pasi ya juu. Asogee pembeni kidogo. Ana sekunde 5. Kama mpinzani amefunga, anaruhusiwa kukimbia nyuma ya mstari, na mabinti wengi hawalijui hili, wanaganda pale walipoukamata mpira. Wachezaji wawili wajipange kwenye kona za mstari wa mitupo huru, mmoja ampe mwenzake kizuizi (asimame kumzibia njia mlinzi wake), kisha waachane. Wa nne, mwenye mikono ya kuaminika (si lazima awe mrefu), akae katikati kabla ya mstari wa kati. Wa tano awe mbali mbele kuwavuta walinzi nyuma. Anayepokea asidundishe mara moja: akamate kwa miguu miwili, ageuke, atazame katikati. Pasi ya kwanza ni kwa yule wa kati. Ikizibwa, arudishe kwa mwingizaji ambaye sasa ameingia uwanjani na amekaa nyuma ya mpira. Huyo wa nyuma ndiye mlango wa dharura, na timu nyingi zinapoteza mpira kwa sababu yeye amekimbilia mbele na wenzake. Kosa la pili ni kudundisha kuelekea kona. Mstari wa pembeni ni mlinzi wa ziada wa mpinzani, na hapo ndipo wanapomnasa.

Dakika 90 zigawe hivi: 15 za kupasha mwili kama tulivyoeleza juu, 20 za pasi na kudundisha kwa mikono yote miwili, 25 za kuvunja mbano, watano kwa watano, huku wanne wa nje wakihesabu kwa sauti sekunde na mipira iliyopotea, kisha wabadilishane. 20 za mchezo mdogo wanne kwa wanne, kila mtu aruhusiwe kudunda mara mbili tu. Dakika 10 za mwisho ni mitupo huru wakiwa wamechoka: mbili, kimbia hadi katikati na kurudi, mbili tena, na matokeo yaandikwe daftarini. Mitupo huru kumi mfululizo mtu akiwa amepumzika haifanani na mechi, maana kwenye mechi hakuna anayepewa kumi.

Sasa ukimya. Mara nyingi si kiburi wala uvivu. Mchezaji anapima kama kukosea hapa kuna usalama. Sema jambo moja, fupi, linaloeleza cha kufanya mara inayofuata: "Geuka kwanza, tazama katikati." Usiseme "Wewe kila siku unapoteza." Usimtoe dakika ileile aliyokosea. Ikibidi kumtoa, mkalishe karibu nawe, mpe kitu kimoja cha kuangalia, na umrudishe kabla robo haijaisha. Halafu weka kanuni mazoezini kwamba kurusha hakuruhusiwi mpaka kila mmoja wa wanne ameugusa mpira. Aliyenyamaza atalazimika kuomba, na wenzake watalazimika kumwona.

Shikamooni walimu. Ninacheza vizuri robo mbili za kwanza, ya tatu miguu inaisha na pumzi inakata. Kocha anasema sina bidii. Asubuhi nakula chapati na chai, jioni ndiyo nakula sana. Siku zangu zimekata miezi minne sasa, wenzangu wanasema ni kwa sababu ya mazoezi. (Mchezaji, mwaka wa pili, Malimbe)

Marahaba, binti yetu. Maelezo yako hayaonyeshi uvivu, na tunaomba usome hadi mwisho.

La haraka kuliko yote ni siku zako. Hedhi ikikata miezi mitatu mfululizo, nenda zahanati ya chuo au hospitali. Watapima ujauzito kwanza, hiyo ni kawaida na ni siri yako na mhudumu. Kama si ujauzito, sababu ya mara kwa mara kwa wachezaji ni kula kidogo kuliko unachotumia. Mwili ukikosa nguvu ya kutosha unaanza kuzima vitu: hedhi, kujenga mifupa, kinga. Kusema "ni mazoezi tu, kawaida" kumewaacha mabinti wengi na nyufa za mifupa ya ugoko.

Omba pia kipimo cha damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na upungufu huo huanza kwa kuishiwa pumzi jinsi unavyoeleza. Na kwa kuwa unaishi kando ya ziwa, ukiwa huwa unaoga au kufua ziwani, mwambie daktari ili upimwe choo kwa ajili ya kichocho. Ugonjwa huu uko mwambao mzima wa Ziwa Victoria, hula damu taratibu bila kelele, na dawa yake hutolewa kwa kipimo cha uzito wako. Timu zinazojitupa ziwani kupoa baada ya mazoezi ziache.

Chakula chako hakikosi pesa nyingi, kinakosa mpangilio. Asubuhi ongeza mayai mawili au maharage kwenye hiyo chapati, na chai inywe saa moja baada ya kula, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma ya chakula. Mchana, saa tatu kabla ya mazoezi, kula ugali au wali wa kushiba na dagaa, mboga ya majani, na chungwa au ndimu, maana uchachu huo husaidia chuma kuingia mwilini. Dagaa wa kwetu anayeliwa mzima na kichwa chake anakupa protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa bei ambayo nyama haiwezi. Saa moja kabla ya mazoezi, ndizi mbivu mbili. Ndani ya saa moja baada yake, maziwa mgando na viazi vitamu, au chakula chako cha jioni kikiwahi.

Maji: jipime kilo kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya jasho. Irudishe kidogo kidogo jioni hiyo, na zaidi kidogo ya lita hiyo.

Kocha wako umwambie umepelekwa kupimwa. Mengine si lazima ayajue.

Mimi ni kocha mwanaume, wachezaji wangu wote ni wasichana wa miaka 19 hadi 24. Nataka kuwa karibu nao bila kuleta maneno. Mipaka iwe wapi? (Kocha, Musoma)

Iandikeni, muibandike, na nakala iende kwa mlezi wa wanafunzi. Ujumbe wote wa timu upitie kundi la simu ambalo mlezi wa kike yumo. Hakuna ujumbe wa faragha usiku. Mazungumzo ya mtu mmoja yafanyike pembeni ya uwanja, watu wanaona ingawa hawasikii. Ukifunga bandeji au kumrekebisha mkao, omba ruhusa kwanza, na mtu mwingine awepo. Safarini mwanamke mtu mzima asafiri nanyi, na wewe usiingie vyumba vyao kwa sababu yoyote; wenye shida waje mapokezi. Usiwakopeshe pesa. Boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) likichelewa na mtu hana chakula, ipeleke shida hiyo kwa mlezi.

Mapenzi na mchezaji hapana, hata akiwa mtu mzima na hata akianza yeye, kwa sababu dakika zake za kucheza ziko mkononi mwako. Na anayedai ngono ili ampe mtu nafasi, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtambua kuwa mkosaji wa jinai. Wachezaji waonyeshwe mapema Dawati la Jinsia la chuo liko wapi, waonyeshwe na wewe mwenyewe.

Mchezaji wetu anavaa hijabu, mwingine amesuka rasta zenye shanga, wa tatu ana kucha ndefu za kubandika. Waamuzi watakataa nani? (Mlezi wa timu, Nyamagana)

Hijabu ya michezo inaruhusiwa. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilibadilisha kanuni hiyo mwaka 2017. Iwe imebana, bila pini wala ncha inayoning'inia, na iwe ya rangi moja. Shanga ngumu na vibanio vya chuma vitakataliwa, kwa hiyo rasta zifungwe kwa mpira laini. Kucha zikatwe, hereni zivuliwe. Kuzifunika kwa plasta hakutoshi. Na kwenye boksi la huduma ya kwanza weka pedi na bukta nyeusi ya akiba, binti asilazimike kuomba mbele ya watu.

Mchezaji wangu bora ana sapu mbili (mitihani ya kurudia). Wazazi wake wanataka aache kikapu. Nimtetee vipi? (Kocha, Nyegezi)

Usimtetee kwa maneno, watakuja na matokeo mkononi. Nenda na ratiba.

Pat Summitt, aliyefundisha wasichana wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, tangu 1974 hadi 2012, alishinda mechi 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8. Wachezaji wake walitakiwa kukaa safu tatu za mbele darasani na kutokosa kipindi, na kila aliyemaliza miaka yake ya kuchezea timu hiyo alihitimu. Hilo halihitaji pesa, na kwenu linawezekana wiki ijayo.

Wiki ya kwanza ya muhula kusanya ratiba ya kila mchezaji: vipindi, majaribio, siku za kukabidhi kazi. Ziandike zote kwenye karatasi moja kubwa. Utaona mapema wiki ambazo majaribio yamerundikana, na hizo ndizo za kupunguza mazoezi. Barua ya ruhusa ya mashindano imfikie mhadhiri wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari, ikiomba tarehe mbadala ya jaribio. Kambini weka saa moja na nusu ya kusoma kila siku, simu zikiwa pembeni. Safari ya basi hadi Dodoma inakula siku nzima, kwa hiyo siku hiyo usiihesabu. Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula baki na siku mbili za mazoezi, dakika 60 kila moja, lakini zile dakika 15 za kutua zisiguswe.

Kwa huyu mwenye sapu, waombe wazazi muda hadi matokeo yake ya marudio. Katika kipindi hicho asicheze mechi, ila aje mara mbili kwa wiki kupasha mwili na wenzake na kurudi bwenini kusoma. Ukimkata kabisa atapoteza marafiki wanaomwamsha asubuhi kwenda darasani, na atakaporudi atakuwa na miguu ya kuumia. Mtafutie mwanafunzi wa mwaka wa juu wa kozi yake, tena mchezaji kama yupo, wakae pamoja kwenye mitihani ya miaka iliyopita. Kisha wapigie wazazi kila wiki mbili uwaeleze amehudhuria vipindi vingapi. Mzazi anayepigiwa kabla ya tatizo husikiliza tofauti na anayepigiwa baada yake.